Mwaka Niliokula Kura za Kindu

Nianze na aibu, iishe mapema: mimi ndiye niliyezipika kura za watu wa Kindu, nikazila kwa mawese na chumvi, nikaongeza sahani. Sikuhongwa wala sikutumwa na mtu. Nilikuwa na njaa tu, na njaa ya kijana anayekaa nyumbani ni mbaya kuliko njaa ya mpagazi, kwa sababu jiko liko karibu. Miaka mingi nimemwomba Mungu habari hii isahaulike, na Ijumaa iliyopita, tulipomzika mpishi Farijala, nilidhani imekwenda naye kaburini, maana yeye ndiye aliyekuwa akiihadithia kila harusi na kila matanga. Nilisahau kwamba jirani yangu, Mama Feruzi, bado yu hai, na ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Basi heri niiandike mwenyewe kabla hajaitia pilipili.

Habari za baba na mama na ukoo naziacha, hazina ladha. Nianzie kwenye nyumba. Ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na baraza mbele, na nyuma kibanda cha jiko chenye paa la majani lililovuja upande mmoja tu, nami kila masika niliapa kuliziba. Ulikuwa mwaka aliofariki Mzee Athumani, mkubwa wa mji wetu, zamani kabla Wazungu wa serikali hawajaja na vita vyao, na zamani zaidi kabla ya treni hii inayotuamsha kwa mayowe. Vijana wa rika langu wote walikuwa safarini kutafuta pembe za ndovu. Mimi nilikuwa na sababu mia za kubaki: mara mguu, mara mvua, mara kitabu. Nilisoma chuoni kwa Mwalimu Rashidi, kadhi wetu, nikapita Kurani, nikaingia vitabu vya sheria, nikakwama katikati, na hapo katikati ndipo nilipo hadi leo. Nilijua kuandika hati nzuri na kupika njugu mawe. Mji mzima uliniita Idi wa Ndani. Na nisijifanye mwema: katika safari zile nilizozikwepa, pembe hazikurudi peke yake. Watu walirudi wamefungwa shingo kwa shingo, wakapita mbele ya baraza langu, nami niliinamia kitabu changu kana kwamba nimefika kwenye ukurasa mgumu.

Farijala aliletwa kwangu na homa. Alikuwa mtu wa Unguja, amekuja na msafara kama mpishi, na tajiri wake alipotaka kuendelea mbele wakauliza nani yuko nyumbani siku zote amtazame mgonjwa. Jibu mnalijua. Homa ilimtoka, lakini Farijala hakutoka. Alikaa jikoni kwangu akikosoa chumvi, na akikosoa chumvi alihadithia. Zamani alikuwa mpishi katika nyumba ya tajiri Mmerikani pale Unguja, wakamchukua katika jahazi lao kubwa lenye milingoti mitatu, akaenda hadi kwao, akakaa majira yote ya baridi katika mji wa bandari akipika katika nyumba ya kupangisha mabaharia. Nami, msomi wa katikati, nilikuwa najua siku zote kwamba merikani ni nguo. Sikujua kwamba ni nchi yenye watu, na kwamba watu hao wana neno la kusema juu ya kitu kingine chochote mbali na dhiraa za kupimia nguo.

"Wana neno!" Farijala alicheka mpaka akakohoa. "Tena ni watu wa maneno hasa. Sikiliza, Idi. Walikuwa na mfalme ng'ambo ya bahari, anawatoza ushuru bila kuwauliza. Wakapigana naye, wakamshinda. Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Kumfukuza mfalme ni kazi ya bunduki. Kukaa bila mfalme ni kazi ya matako, bwana. Lazima mtu akae chini, afikiri." Akanieleza jinsi majimbo yao yalivyokuwa kwanza kila moja na lake, yamefungwa pamoja kwa ahadi legelege kama mzigo wa mpagazi mvivu, mpaka wakaona mzigo utaanguka. Basi wakachagua watu, wakajifungia katika chumba kimoja kiangazi kizima, joto kali, madirisha yamefungwa ili maneno yasitoke nje kabla hayajaiva. Hapo nikawapenda Wamerikani kuliko taifa lolote. Nchi iliyozaliwa na watu waliokaa ndani! Nilitamani mama yangu angekuwa hai asikie.

Walipofungua mlango, walitoka na waraka. Farijala hakujua kuusoma, lakini mwenye nyumba ile ya mabaharia, bibi mmoja mjane, aliupenda kama sisi tunavyopenda kasida, na alimweleza kila alipokuwa akimenya viazi. Mpishi wangu alinieleza kwa mafiga. Alivuta mawe matatu ya jiko, akagusa la kwanza: "Huyu ni mkubwa wao. Anashika jeshi, anatekeleza. Miaka minne, kisha watu wanaulizwa kama wanamtaka tena." Akagusa la pili: "Hili ni baraza, tena limegawanyika vyumba viwili, ili jimbo dogo lisimezwe na kubwa. Hao ndio wanaotunga sheria, na kamba ya mfuko iko kwao." Akagusa la tatu: "Na hawa makadhi. Mkubwa akishawaweka, na baraza likishakubali, hawezi kuwaondoa kwa sababu hukumu imemuudhi." Kisha akaweka chungu juu. "Na waraka uko juu ya wote. Hata mkubwa anauapia waraka; watu hawamwapii yeye."

Mama Feruzi alikuwa upande wa pili wa ua, anachuja mawese yake. Ua wetu ulikuwa wa matete, na matete hayajawahi kumzuia. Wakati huo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, Feruzi yuko mgongoni. Alinunuliwa akiwa msichana, mke wa Mzee Athumani akamwacha huru, akampa kiwanja ukingoni mwa mto, chenye michikichi minne na nyumba. Aliuza mawese, njugu na samaki wa kukausha. "Ee, mupishi," akasema, "kule kwa hao watu wa waraka, watumwa walikuwa wapi?"

Farijala akakuna kichwa. Mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. "Waliwaacha nje, dada. Tena walipohesabu watu wa kila jimbo, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu."

"Na wale wawili waliobaki, walienda wapi?"

Farijala akasukuma ukuni ndani ya moto. Akasema kwamba dhambi ile waliiacha ndani ya waraka kama mwiba ndani ya samaki, na wajukuu wao walikabwa nayo: walipigana wenyewe kwa wenyewe vita vya kutisha, ndipo wakaandika nyongeza kwamba utumwa umekwisha. "Waraka wao unaweza kuongezwa," akasema. "Hilo ndilo jambo zuri. Walijua kwamba hawajui yote." Mama Feruzi akasema, "Muntu akijua kwamba hajui, angeuliza watumwa. Walikuwa palepale wakimuletea maji." Akarudi kwenye mawese yake.

Ingebaki hadithi ya jikoni, ingekuwa raha. Lakini mpwa wa marehemu Mzee Athumani, Bwana Shabani, aliyekuwa amekaa mahali pa mjomba wake, akakipenda kiwanja cha Mama Feruzi. Ukingo pale ni mzuri, mitumbwi inayotoka ng'ambo, kule Alunguli, inatia nanga bila kupinduka. Alitaka ghala la pembe. Akamtuma askari: ifikapo siku ya soko, mama awe amehama. Zamani Mwalimu Rashidi ndiye aliyesikiliza kesi, lakini Shabani alikwisha sema kwamba hukumu zote sasa ziko kwake, kwa wepesi. Kwa hiyo Mama Feruzi alikwenda kumshtaki Shabani kwa Shabani. Shabani alimsikiliza Shabani kwa makini sana, akaona Shabani ana haki.

Mama Feruzi alirudi, akakaa jikoni kwangu bila kusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo, nami niliogopa kuliko kama ningemwona analia. Nilimpa chakula, hakula. Mtoto ndiye aliyekula. "Nitaenda wapi, Idi?" akaniuliza. "Mimi hapana kuwa na kijiji. Kijiji changu njo kile kiwanja." Mtu asiyependa hata kuvuka njia, akisikia kwamba mwingine atang'olewa nyumbani kwake, mwili unamsisimka. Nilisimama, nikakaa tena, kwa sababu sikujua nikishasimama nifanye nini.

Farijala ndiye aliyeuliza, huku anakoroga sombe, yale majani ya muhogo: "Huyu Shabani, wazee wamekwisha mpa mkono?" Nikasema bado. Kwetu desturi ilikuwa hiyo: mkubwa mpya hukaa kwenye kiti, lakini mpaka matanga ya aliyetangulia yaishe na wazee wa mji wampe mkono wa ahadi mmoja mmoja, ukubwa wake ni kama ugali usiosongwa. Mkono ulikuwa utolewe Ijumaa ile. Mwiko ukasimama chunguni. "Basi mlango bado uko wazi," Farijala akasema. "Mpeni mkono kwa masharti."

Tulikwenda kwa Mwalimu Rashidi, yaani walikwenda wao, mimi nikaja nyuma nikilalamikia jua. Mwalimu alisikiliza habari ya Wamerikani na mafiga yao, akavuta ndevu, akasema kwamba mkono wa ahadi ni mapatano toka zamani, na mapatano yana pande mbili, na hakuona haya kukumbushwa jambo hilo na mpishi. Nikaandika. Mkubwa atashika askari na safari, asihukumu. Kadhi atahukumu, asishike askari. Wazee watashika ghala la ushuru na baruti, na halitafunguliwa bila wao. Na mkubwa naye akishtakiwa, atakaa mkekani kama mtu mwingine. Niliandika juu kwa hati yangu nzuri kuliko zote: "Sisi watu wa Kindu." Kisha nikauliza ni akina nani hao. Wazee, ambao Mwalimu alikwisha waita, wakasema: wanaume waungwana wenye nyumba. Nikaandika. Kutoka uani, alikokaa Mama Feruzi, nikasikia mtu anasonya.

Shabani hakukataa. Alicheka, alikuwa na uhakika. "Waulizeni watu," akasema, "kama wananitaka na karatasi au bila karatasi." Farijala akapanga jinsi ya kuuliza, kama alivyoona huko: mtu atoe neno lake bila kuonekana, asije akaogopa. Njugu mawe nyeupe ni karatasi, nyekundu ni bila karatasi. Kila mtu anaficha moja ndani ya ngumi, anaitia katika chungu kilichofunikwa kibuyu chenye tundu. Alhamisi watie, Ijumaa baada ya sala wahesabu. Na chungu kilale wapi? Kwa Shabani hapana. Kwa kadhi, Shabani hakutaka. Wakakubaliana kwa kauli moja, mara ya kwanza na ya mwisho: kilale kwa Idi wa Ndani, ambaye hana upande, na hatatoka.

Usiku ule ilinyesha. Mimi nilikiweka chungu jikoni, pembeni, salama, chini ya ile sehemu ya paa ambayo nimekwisha waambieni. Asubuhi nilirudi kutoka msikitini tumbo linanguruma, nikainua kifuniko cha chungu cha kwanza nilichokiona, nikakuta njugu mawe zimeloa, zimevimba, zinang'aa. Nikasema Alhamdulillahi, Idi, jana ulikumbuka kuloweka. Nikazitia motoni. Njugu mawe haziivi upesi. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kukumbuka, nami niliitumia kuchochea kuni na kumweleza Farijala jinsi waraka wangu ulivyo na hati nzuri. Mama Feruzi alileta mawese. Alikuwa amefunga vitu vyake matita mawili, yako mlangoni. Tulikula watatu, na mtoto wa nne. Farijala alisema chumvi safari hii imekaa sawa. Na tulipokuwa tunafuta sahani kwa kidole, askari wa Shabani akapiga hodi: "Bwana Idi, watu wametoka kusali, na wewe hukuonekana. Lete chungu."

Sitaeleza uso wangu. Nilitazama chungu. Zilibaki tano au sita, nazo zote zilikuwa rangi moja, kahawia. Za waliokubali na za waliokataa, moto ulizifanya ndugu. Mama Feruzi alitazama ndani ya chungu, akanitazama mimi, akatazama matita yake mlangoni. Hakunitukana. Ningelipa chochote anitukane.

Nilikwenda barazani kwa Shabani nimekibeba kile chungu, kwa kuwa sikujua nibebe nini kingine. Niliposema kwamba nimezila, kicheko kikaanza nyuma kwa vijana, kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mto. Shabani alifuta machozi kwa kilemba. "Basi," akasema, "neno la watu limeliwa. Hakuna karatasi. Nipeni mkono, tumalize." Na mzee wa kwanza, wallahi, alikuwa amekwisha inua mkono.

Farijala akasimama. Mpishi, mgeni, mtu asiyekuwa na nyumba hata moja Kindu. "Bwana Shabani, naomba neno. Idi mnamjua. Ni mwizi?" Watu wakasema hapana. "Ni adui wa mtu?" Wakacheka: adui wa jembe tu. "Ni mtu mwema. Tena alitaka karatasi hii kuliko sisi wote, aliiandika kwa mkono wake. Na amekula kura. Kwa nini? Alikuwa na njaa, na chungu chote kilikuwa kwake peke yake. Sasa mimi simsemi Bwana Shabani kwamba ni mtu mbaya. Nasema ni mtu kama Idi. Naye atapata njaa siku moja, njaa ya pembe, njaa ya kiwanja, nanyi mmemwachia chungu, na moto, na kijiko. Wale jamaa wa Merikani hawakuandika waraka wao kwa sababu ya watu wabaya peke yao. Waliuandika kwa ajili ya mtu mwema mwenye njaa. Na neno la watu halikuwa chunguni, bwana. Liko kwa watu. Wako hapa. Waulizeni tena."

Yule mzee akashusha mkono. Mwalimu Rashidi akasema, polepole, "Kweli." Shabani, ambaye bado alikuwa na uhakika wake, akapunga mkono: haya, upesi. Wakasema zitafutwe njugu. Hapo ikajulikana kwamba mavuno yako mbali, na njugu mawe za mji mzima ziko ghalani kwa mtu mmoja. Watu wote wakageuka kumtazama Mama Feruzi, aliyesimama nje ya mkeka na mtoto mgongoni.

"Njugu iko," akasema. "Nyeupe iko, nyekundu iko. Lakini njo zangu. Hakuna hata moja itaingia kwa chungu kama yangu haimo."

Palizuka kelele. Mwanamke! Tena aliyekuwa mtumwa! Mzee mmoja akauliza kama mbuzi nao watatia. Mama Feruzi akamjibu, "Baba, mbuzi hawana njugu. Miye niko nazo." Kisha akakaa chini, akamnyonyesha mtoto, kama mtu mwenye siku nyingi. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa na njaa, na mimi nilijua kuliko wote njaa inavyofanya kazi. Mwalimu alinitazama: ongeza. Nikachukua kalamu, nikafuta "wanaume waungwana", nikaandika "walio huru wenye nyumba". Haikuwa watu wote. Waliokuwa wakituletea maji pale barazani hawakuwa huru, nao walisimama na mitungi yao wakitazama, na swali la wale wawili waliobaki nililisikia sikioni wakati naandika. Niliandika hivyohivyo.

Safari hii chungu kilikaa katikati ya mkeka, macho ya wote juu yake, nami nikawekwa mbali. Walitia, wanaume na wanawake tisa au kumi waliojitokeza, na askari wa Shabani wenye nyumba nao wakatia. Kikamwagwa. Nyeupe zilitapakaa mkekani. Shabani hakuangalia wazee. Hao alikuwa amekwisha wahesabu kichwani. Aliangalia askari wake, maana nyeupe zile hazingetimia bila wao, na askari wake wakaangalia miguu yao. Aliona, nadhani, kwamba nao wana viwanja. Kisha akasema, "Leteni hiyo karatasi," na wazee wakampa mkono, mmoja mmoja.

Kesi ilisikilizwa wiki ileile. Shabani alikaa mkekani, miguu ameikunja, upande mmoja na Mama Feruzi. Mwalimu aliita mashahidi wa ile zawadi ya kiwanja, wakasema, akahukumu: ni cha mama. Shabani akainuka, akapangusa kanzu, akasema "haya", akaenda. Hivyo tu. Mama Feruzi alirudi nyumbani akafungua matita yake mawili, na mimi na Farijala tukamsikia upande wa pili wa ua anapanga vyungu vyake, kimoja baada ya kingine, na sijapata kusikia ngoma iliyonituliza moyo kama sauti ile.

Karatasi yetu haikuishi sana. Vita vilikuja, Shabani akafa, na serikali iliyofuata haikumpa mtu mkono wala haikuuomba. Lakini kiwanja kilivuka. Michikichi miwili kati ya ile minne ingali imesimama, na Mama Feruzi yuko hapo, anaitukana treni.

Juzi, baada ya hitima ya Farijala, vijana wa msikiti, makarani wenye kalamu za wino, walikaa barazani kwangu. Wanataka kuchagua mwangalizi wa mazishi, tena kwa siri, kwa vikaratasi, kama alivyowafundisha marehemu. Tatizo lao ni moja, sanduku lilale wapi. Mmoja akasema, kwa adabu kabisa, lilale kwa Babu Idi, yeye hana upande, na hatoki. Nilianza kukohoa. Kutoka upande wa pili wa ua, ambao bado ni wa matete, Mama Feruzi akajibu kabla yangu:

"Mumupe. Lakini kwanza mumulishe."